Kabla ya kununua risiva mpya, hesabu spika za vyumba vyote

RISIVA ya sebuleni inapokufa katika nyumba ambayo nyaya za spika zimepitishwa ukutani hadi jikoni, vyumbani na barazani, hasara haiishii kwenye filamu. Nyumba nzima hunyamaza kwa wakati mmoja, na mwenyewe hujikuta akikimbilia dukani kutafuta kifaa kingine kabla hajajua kile cha awali kilikuwa kikifanya kazi gani hasa.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Risiva mpya inayong'aa, yenye nembo za kila aina usoni, huenda ikafikishwa nyumbani na kuchezesha filamu vizuri ajabu lakini jikoni kukabaki kimya. Nyingine huzimika yenyewe kila baada ya dakika kumi. Nyingine hutoa moshi siku ya kwanza.

Risiva, kwa wasioifahamu vyema, ni kifaa kilichokusanya kazi ambazo zamani zilikuwa za mitambo kadhaa. Hunasa mawimbi ya redio. Huchagua chanzo cha sauti, kiwe king'amuzi, kicheza DVD au tarakilishi. Hufumbua sauti ya filamu iliyofungwa katika mifumo kama Dolby Digital na DTS, ambayo iliingia katika kumbi za sinema mnamo 1992 na 1993 kisha ikahamia majumbani. Hatimaye huikuza sauti hiyo hadi ipate nguvu za kusukuma spika.

Katika nyumba yenye spika vyumba vingi kuna kazi ya tano, nayo ndiyo aghalabu husahauliwa na wanunuzi. Risiva hugawanya nyumba katika sehemu ambazo watengenezaji huziita zoni. Zoni ya kwanza ni sebule yenye runinga. Zoni ya pili, na wakati mwingine ya tatu, huweza kupokea kitu tofauti kabisa. Watoto hutazama filamu sebuleni ilhali mama yao anasikiliza taarifa ya habari ya saa saba mchana akiwa jikoni, na babu yao ameketi barazani na muziki wake wa zamani. Kila mmoja ana kiwango chake cha sauti. Mtambo ni mmoja.

Kwa hivyo swali la kwanza si risiva gani ni bora. Swali ni kama ile iliyopo imekufa kweli.

Chanzo cha hitilafu

Risiva inayowaka, ikatoa mlio mdogo wa swichi ya ndani kisha ikazimika huku ikiandika neno "PROTECT" kwenye kioo chake, huenda haina ubaya wowote. Neno hilo lina maana kwamba mtambo umejikinga. Sababu inaweza kuwa ndani yake, lakini pia inaweza kuwa waya uliobanwa na msumari wa fundi aliyetundika picha ukutani, au nyuzi mbili za shaba zilizogusana nyuma ya spika ya barazani baada ya mvua.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Nyaya zote za spika zichomolewe, kisha mtambo uwashwe ukiwa mtupu. Ukiendelea kuwaka bila kuzimika, hitilafu imo kwenye nyaya au spika, na risiva mpya itakayounganishwa na nyaya zizo hizo itazimika vilevile au itaungua. Ukizimika hata ukiwa mtupu, basi kosa ni lake.

Fundi mwenye mita huweza kupima kila jozi ya nyaya. Spika ya omu nane kwa kawaida huonyesha kati ya omu tano na saba, kwa sababu mita hupima ukinzani wa mkondo usiobadilika mwelekeo pekee. Ikisoma karibu sufuri, nyaya zimegusana. Ikikosa kusoma chochote, zimekatika. Ila kuna tahadhari moja ambayo mafundi wengi hawaielezi. Pale ambapo kuna kitufe cha kupunguza sauti ukutani chenye transfoma ndani yake, mita itasoma karibu sufuri hata mambo yakiwa shwari. Hapo kipimo kichukuliwe upande wa pili wa kitufe, ule unaoelekea kwenye spika.

Kuna pia risiva ambazo zimekufa nusu. Sehemu ya HDMI huharibika, picha zikapotea, lakini vikuza sauti vikabaki vizima. Kifaa cha namna hiyo si cha kutupwa. Kinaweza kuhamishwa kikawa kikuza sauti cha vyumba vya nyuma kwa kutumia soketi zake nyekundu na nyeupe, na risiva mpya ikabaki na mzigo wa sebule peke yake. Mwenye kifaa kama hicho ameokoa nusu ya gharama bila kujua.

Hesabu ya omu

Ikithibitika kwamba kifaa hakifai tena, kazi inayofuata hufanyika nyuma ya kabati. Kabla ya waya wowote kung'olewa, sehemu yote ya nyuma ipigwe picha kwa rununu na kila waya ufungwe kikaratasi chenye jina la chumba. Wasiofanya hivyo huishia kubahatisha kwa siku nzima.

Kinachotafutwa ni jinsi vyumba vilivyounganishwa. Katika nyumba nyingine kila jozi ya spika huingia moja kwa moja kwenye risiva. Kwingine jozi zote huingia katika kisanduku cha kuchagulia vyumba. Kwingine tena risiva haisukumi spika za vyumbani hata kidogo, bali hupeleka ishara dhaifu kupitia soketi za kutolea kwa kikuza sauti kingine kilicho pembeni. Nyumba tatu hizi zinahitaji risiva tatu tofauti, hata kama idadi ya vyumba ni sawa.

Hatari kubwa imo katika aina ya kwanza na ya pili. Spika mbili za omu nane zikiunganishwa sambamba kwenye soketi moja, risiva huona omu nne. Nne zikiunganishwa hivyo, huona omu mbili. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo mkondo unavyoongezeka, na joto nalo hupanda. Risiva nyingi za nyumbani huandikwa nyuma kwamba zinakubali spika za omu sita hadi 16, na chache huruhusu nne. Hakuna ya kawaida inayostahimili mbili kwa muda mrefu.

Baadhi ya wauzaji hujibu kwamba risiva ina swichi ya kubadilisha kiwango cha omu. Ni kweli ipo. Lakini swichi hiyo haiongezi nguvu. Inachofanya ni kupunguza volti zinazolishwa vikuza sauti ili mtambo usichemke. Anayeitegemea kusukuma vyumba vinne atapata sauti iliyofifia, na kifaa chenye joto bado.

Suluhisho la haki ni kisanduku cha kuchagulia vyumba kilichotengenezwa kulinda kiwango cha omu, au vile vitufe vya ukutani vyenye transfoma. Vitufe hivyo huwa na kibanio kidogo cha kuweka kwenye mbili, nne au nane. Jozi nne za spika za omu nane, kila kitufe kikiwekwa kwenye nne, huonekana kama omu 32 kila moja, na zikiungana sambamba jumla hurudi kuwa nane. Risiva yoyote ile itazibeba. Vitufe vya bei rahisi ambavyo huchoma nguvu kwa vikinzani tu, bila transfoma, havitoi kinga inayofanana na hiyo.

Nyaya zenyewe pia huhesabiwa. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una ukinzani wa takriban omu 7.4 kwa kila kilomita. Chumba kilicho umbali wa mita 20 kinahitaji waya wa kwenda na wa kurudi, yaani mita 40, ambazo ni omu 0.3 hivi. Hiyo haidhuru. Waya wa milimita 1.5 kwa umbali uo huo hufikia karibu nusu omu, na ule mwembamba unaofungwa pamoja na spika za bei ya chini huzidi hapo mno. Ukuta ukiwa umeshapigwa plasta hakuna wa kuubomoa kwa ajili ya nusu omu, lakini anayejenga sasa hana sababu ya kuweka waya mwembamba.

Mtego wa zoni ya pili

Risiva iliyoandikwa kwamba ina chaneli saba na zoni ya pili haina vikuza sauti tisa. Ina saba tu. Zoni ya pili inapowashwa, vikuza sauti viwili vilivyokuwa vya spika za nyuma ya sebule huazimwa na kupelekwa chumbani, na sebule hubaki na vitano. Kwa wengi hilo si tatizo, kwa kuwa sebule nyingi zina spika tano na ile ya besi. Tatizo huja kwa anayetamani Dolby Atmos, mfumo ulioingia katika sinema mnamo 2012 na majumbani 2014, ambao huhitaji spika za juu darini. Spika tano za chini na nne za darini tayari ni tisa, na zoni ya pili haina cha kuazima ila mtambo uwe na 11, au vyumba vipewe kikuza sauti chao.

Lakini mtego unaowanasa wengi zaidi ni mwingine. Kwa miaka mingi, risiva ziliweza kupeleka zoni ya pili sauti ya analojia pekee, yaani ile inayoingia kwa nyaya nyekundu na nyeupe, pamoja na redio ya ndani. Sauti iliyoingia kwa HDMI au kwa waya wa mwanga iliishia sebuleni. Matokeo yake, king'amuzi kikiunganishwa kwa HDMI pekee, jikoni hakusikiki neno.

Risiva za miaka ya karibuni zimelegeza sharti hilo, ila si zote na si kikamilifu. Nyingine hukubali sauti ya kidijitali katika zoni ya pili mradi iwe ya chaneli mbili. King'amuzi kikitoa Dolby, chumba hunyamaza. Sauti inayorudi kutoka kwa runinga kupitia HDMI nayo, mara nyingi, haipelekwi vyumbani. Nyingine hutoa njia ya mkato ambapo nyumba yote husikia kitu kimoja, jambo linalofaa sherehe lakini halimfai anayetaka habari wakati wenzake wanatazama mpira.

Maelezo haya hayaandikwi kwenye boksi. Yamo katika kitabu cha mwongozo, kwenye jedwali linaloonyesha ni soketi zipi hulisha zoni ipi, na vitabu hivyo hupatikana bure katika tovuti za watengenezaji. Nusu saa ya kulisoma jedwali hilo kabla ya kulipa ina thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji. Kwa aliyekwisha kununua, dawa ni kuongeza waya wa analojia kutoka kwa king'amuzi sambamba na ule wa HDMI, kisha kuuchagua huo kwa ajili ya zoni ya pili.

Wenye santuri pia wawe macho. Risiva nyingi za sasa zimeacha soketi ya gramafoni, na ishara ya sindano ni ya millivolti chache tu, haiwezi kuingizwa katika soketi ya kawaida ikasikika. Aliyerithi sanduku la santuri za rumba na benga asikubali kuambiwa kwamba soketi ni soketi.

HDMI na vita vya nambari

Wauzaji hupenda kuanzia hapa, pengine kwa sababu nambari huuza. HDMI ilizinduliwa mwishoni mwa 2002 na kampuni saba, miongoni mwao Hitachi, Panasonic, Philips, Sony na Toshiba. Toleo la 1.4, la 2009, ndilo lililoleta uwezo wa runinga kuirudishia risiva sauti kupitia waya uo huo unaoleta picha. Toleo la 2.1, la 2017, liliongeza njia pana ya sauti hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama eARC, pamoja na picha za kasi kubwa.

Hata toleo likiwa jipya, si hakikisho. Mwaka 2020 baadhi ya risiva zilizouzwa kama za HDMI 2.1 zilipatikana na kasoro katika kidude cha ndani, na zilipounganishwa na mashine mpya ya michezo ya Xbox katika kiwango cha 4K cha picha 120 kwa sekunde, skrini ilibaki nyeusi.

Kwa familia ambayo runinga yake hutumika kwa habari, mpira na filamu, na haina mashine ya michezo, nambari hizo zisipewe uzito kuliko idadi ya zoni. Kinachofaa kukaguliwa ni kufuli ya kidijitali ya HDCP: filamu za 4K huhitaji toleo la 2.2 au jipya zaidi, na risiva ya zamani ikiwekwa katikati huzuia picha. Hata hapo kuna njia. Vifaa vyote viunganishwe kwenye runinga, na runinga iirudishie risiva sauti. Bei yake ni ile iliyokwisha kutajwa, kwamba sauti hiyo huenda isifike jikoni.

Wati nazo zina hila zake. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, ililazimika kuweka kanuni ya kutangaza nguvu za vikuza sauti mapema kama 1974, na ikairekebisha mnamo 2024 ili vipimo vifanywe kwa omu nane, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na upotovu wa sauti usiofika asilimia 1. Kwingineko mnunuzi hujilinda mwenyewe. Wati 100 zilizopimwa chaneli mbili zikicheza kwa masafa yote ni bora kuliko wati 160 zilizopimwa chaneli moja kwa masafa ya hezi 1,000, na zile maelfu ya PMPO zinazoandikwa kwenye redio za bei nafuu hazina maana yoyote ya kitaalamu. Isitoshe, kuongeza wati maradufu huongeza desibeli tatu tu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika takriban wati mara kumi. Tofauti ya wati 80 na 100, ambayo huweza kupandisha bei pakubwa, haisikiki jikoni.

Mzigo kutoka ng'ambo

Wakenya wengi hupokea vifaa hivi kutoka kwa jamaa walio Marekani, au huvinunua vikiwa vimetumika kutoka huko. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Kenya 240. Risiva ya huko ikichomekwa ukutani Nairobi au Mombasa bila transfoma ya kupunguza volti haifiki dakika ya pili. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti nyuma, nyingi hazina. Transfoma nayo lazima izidi kiwango cha wati kilichoandikwa nyuma ya risiva, na ibaki imeunganishwa daima. Siku mtumishi atakapohamisha plagi ili apige pasi, mambo yatakuwa yamekwisha.

Kuna kasoro ya pili isiyotoa moshi. Redio za FM za Marekani huruka kwa hatua za kilohezi 200 na huangukia nambari witiri pekee baada ya nukta: 98.1, 98.3, 98.5. Capital FM ya Nairobi iko 98.4. Risiva ambayo hatua zake haziwezi kubadilishwa itapita katikati yake bila kuikamata vyema, na kwa nyumba ambayo redio ndiyo uhai wa jikoni, hilo ni pigo. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hazina shida hiyo, na volti zake 230 zinakubali umeme wa Kenya.

Wi-Fi nayo imebadilisha hesabu. Yamaha ilileta MusicCast mnamo 2015, Denon na Marantz zina HEOS, na Apple ilitoa AirPlay 2 mnamo 2018. Mifumo hii hupeleka muziki vyumbani bila waya na huulinganisha usitofautiane hata kidogo. Lakini MusicCast na HEOS hazizungumzi, kwa hivyo anayechagua risiva amechagua pia ukoo wa spika atakazonunua baadaye. Na programu huchakaa kabla ya chuma: Sonos ilitangaza Januari 2020 kwamba baadhi ya vifaa vyake vya zamani havingepokea masasisho tena kuanzia Mei mwaka huo, ilhali spika zenyewe zilikuwa zingali nzima.

Kwa nyumba ya vyumba viwili au vitatu, risiva moja yenye zoni ya pili inatosha. Ikizidi vinne, busara ni kutenganisha kazi: risiva ya wastani kwa ajili ya sebule, na kikuza sauti cha chaneli nyingi, nane au 12, kwa ajili ya vyumba, kikilishwa na soketi za kutolea za zoni ya pili au na kifaa kidogo cha muziki wa mtandaoni. Gharama ya mwanzo hupanda. Hata hivyo, kimoja kikiharibika kingine huendelea, na siku teknolojia ya picha itakapobadilika tena, kitakachobadilishwa ni risiva peke yake.

Kilichobaki ni mambo ya seremala na umeme. Risiva nyingi zina upana wa sentimita 43 na nusu hivi, na huhitaji nafasi ya kupumua juu na nyuma. Kabati lenye mlango wa kioo uliofungwa huzipika. Kifaa cha kuzuia umeme unaoruka ni cha lazima kwa anayeishi mahali ambapo stima hupotea na kurudi kwa kishindo.

Siku ya kuunganisha, chumba kimoja kiunganishwe na kujaribiwa kwa sauti ya chini kabla ya kingine kuongezwa, huku mtambo ukizimwa kila mara waya unapoguswa. Vyote vikishaingia, muziki uachwe ucheze nusu saa katika vyumba vyote, kisha mkono uwekwe juu ya kifuniko. Uvuguvugu ni wa kawaida. Mkono ukishindwa kukaa hapo, hesabu ya omu irudiwe kabla ya boksi kutupwa na stakabadhi ya dhamana kupotea.